Moto Usio na Moshi

Katika maumivu yote ya kichwa niliyoyapata Bwiza, mtaa wetu wa Bujumbura, miaka ile ya vita, ni yapi yaliyoletwa na makaa, na ni yapi yaliyoletwa na kukosa mtu? Mpaka leo sijui. Sehemu ya kwanza ya swali nilielezwa na daktari, nikaelewa. Sehemu ya pili sijamwuliza mtu yeyote, kwa kuwa ni swali ambalo likitamkwa kwa sauti huonekana la kitoto, na mimi nimekwisha kuwa mtu mzima.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu miaka michache nyuma, nikawa nafundisha historia katika shule ya sekondari iliyofunguliwa siku ambazo barabara ziliruhusu. Mama na wadogo zangu walikuwa wamevuka mpaka wa Kongo kwenda Uvira mapema, mapigano yalipoingia mitaani. Uvira nayo ilipochafuka wakaendelea kusini kando ya ziwa, na tangu hapo habari zao zilinifikia kwa vinywa vya wachuuzi, kila habari ikiwa imechakaa kuliko iliyotangulia. Mimi nilibaki. Watu niliwaambia kwamba nimebaki kwa ajili ya kazi. Ukweli ni kwamba mama alikijua chumba changu, na niliogopa kwamba siku atakayorudi atabisha hodi afunguliwe na mtu mwingine.

Chumba hicho kilikuwa nyuma, ndani ya rupango, kama tunavyouita mjini kwetu ua wenye nyumba kadhaa na lango moja. Nyumba ya mbele ilikuwa ya mwenye ua, bibi mmoja Mwislamu ambaye alizaliwa mji huu, akaolewa mji huu, na alitazamia kuzikwa papa hapa bila kuombwa maoni. Wanawe wawili walikuwa Kigoma na biashara zao. Mumewe, fundi wa magari, alikuwa amekufa mwaka wa kwanza wa vita, naye hakufa kwa kuwa alikuwa adui wa mtu. Jioni moja alikwenda dirishani kutazama mbwa wanabwekea nini, na risasi ambayo hakuna aliyemlenga nayo ikamkuta hapo. Wapangaji wengine walikimbia mmoja mmoja. Ua ambao zamani ulikuwa na watu wa kutosha kugombea bomba la maji ukabaki na wawili: yeye mbele, mimi nyuma.

Baada ya kumzika mumewe, Bibi aliziba madirisha yote. La sebule alilikinga kwa godoro la mwanawe mkubwa, la chumbani kwa godoro la mdogo, na juu ya magodoro akaegemeza meza na kabati. Nyufa za mlango alizijaza vitambaa vyenye maji ili mwanga usionekane nje, maana mwanga ulivuta macho. Hakuwa peke yake kufanya hivyo. Jioni, mtaa wetu wote ulikuwa umejifunga namna hiyo, na anayepita barabarani, kama angekuwapo anayepita, angedhani ni mji wa maghala.

Kwa kuwa hakuna aliyepika nje baada ya saa ya kujifungia, moto uliingia ndani. Bibi alikuwa mwangalifu sana katika jambo hili, na uangalifu wake ndio uliokuja kumponza. Aliwasha makaa uani jua likiwa bado lipo, akayapepea kwa kifuniko cha sufuria, akangoja mpaka moshi uishe kabisa na kila kipande kiwe chekundu. Hapo ndipo alipolibeba jiko na kuliweka sebuleni, kati ya viti viwili. "Moshi ndiyo mubaya," alikuwa akisema. "Hii imeshaiva. Haina neno." Mtaa mzima ulisema hivyo hivyo. Mtu aliyeingiza ndani jiko linalofuka alichekwa kama mgeni wa mji. Aliyengoja likaiva alikuwa mtu mwenye akili.

Kila jioni nilivuka ua na sahani yangu kwenda kula kwake. Tulikula maharage yaliyochemka taratibu hadi yakawa uji, tukasikiliza milio ya vilimani, tukabishana ni bunduki ya aina gani ingawa hakuna kati yetu aliyejua. Chakula kikiisha aliongeza makaa mawili matatu. Sikumwuliza kwa nini. Umeme ulikuwa haupo, taa hatukuthubutu kuwasha, na wekundu ule ulitosha kuona uso wa mtu.

Kisha nilisimama nirudi kwangu, na kila mara aliniambia maneno yale yale.

"Lala hapa, mwanangu. Kitanda ya mutoto wangu iko bure."

"Asante, Bibi. Chumba changu kinanitosha."

"Kinakutosha! Mutu mwenye diplome analala kama panya ndani ya sanduku, anasema inamutosha."

Nilicheka, nikafungua mlango, nikavuka ua nimeinama. Kulala kwake kungekuwa kukiri kwamba chumba cha nyuma hakimngoji mtu tena. Sikuwa tayari kwa hilo.

Lazima niseme kwamba maumivu ya kichwa hayakuwa mageni kwangu. Tangu shule ya msingi nilikuwa na kipandauso, kile kinachoshika upande mmoja wa kichwa na kukuachia mwingine, kana kwamba mwili umegawanywa kwa urithi. Kwanza vinakuja vimulimuli, mstari wenye meno unaocheza pembeni mwa jicho. Baadaye mapigo, nyuma ya jicho la kushoto, yakifuata moyo. Halafu kichefuchefu, na mwanga wa mshumaa unakuwa kama kelele. Nilikuwa nimejifunza kwamba nikimeza aspirini mbili na kahawa nzito vile vimulimuli vikiwa bado vinacheza, nikalala gizani, huenda nikaokoka. Nikichelewa, dawa inatapikwa pamoja na kila kitu, na kilichobaki ni kungoja kutwa nzima.

Mara ya kwanza Bibi kuniona katika hali hiyo alinikalisha chini mbele yake, akauliza kama hakimu.

"Inakukamata wapi?"

"Huku kushoto, Bibi. Nyuma ya jicho."

"Na mataa-mataa unaona?"

"Naona."

"Shingo inakunjika?" Akaniinamisha kichwa kwa mikono yake mpaka kidevu kikagusa kifua. "Inakunjika. Basi si mugiga. Na hii si malaria. Hii ni ya kwenu. Mama yako alikuwa nayo?"

"Alikuwa nayo."

"Urisi gani huu! Wenzako wanarisi nyumba, we unarisi kichwa."

Mugiga ndiyo homa ya uti wa mgongo, ugonjwa ambao kila mtu mjini aliuogopa: homa kali, kichwa kisichovumilika, na shingo ngumu kama mti. Aliyeshikwa nao hakutibiwa nyumbani. Alibebwa hospitali hata kama njia ilikuwa na vizuizi. Bibi alipojiridhisha kwamba sio huo, alichukua kitambaa, akakikunja, akanifunga kichwa kwa nguvu kuzunguka paji la uso, akanipaka kafuri kwenye panda zote mbili. Alijitolea hata kunipiga chuku, kwa ile pembe ndogo ya ng'ombe aliyoirithi kwa mama yake, lakini nilipoona wembe nilikataa. Sijui kama kitambaa kilisaidia kipandauso. Najua kwamba ilikuwa miezi mingi tangu mtu aniguse kichwa, na kwamba nilikaa nimefungwa kitambaa kile kwa muda mrefu kuliko maumivu yalivyohitaji.

Kulikuwa pia na maumivu ya aina nyingine, ambayo hayakuwa na vimulimuli wala upande. Hayo yalianzia mabegani siku nilizopita vizuizi viwili vya askari kabla ya saa sita, yakapanda shingoni na kukikaba kichwa chote kama mkanda. Hayakunizuia kufundisha. Kwa hayo, dawa ilikuwa kujinyoosha, maji ya moto begani, na kulala, kama usingizi ulipatikana. Na kulikuwa na yale ya siku ambazo sikula wala kunywa maji mpaka alasiri. Hayo yaliondoka kwa kikombe cha uji. Niliyajua yote hayo kama mtu anavyowajua majirani zake kwa hatua zao.

Kwa hiyo msimu wa mvua ulipoanza, na maumivu mapya yakaja, nilitambua kwamba huyu ni mgeni. Yalianza nikiwa bado na sahani mkononi: uzito katika kichwa kizima, butu, bila mapigo, kana kwamba nimevishwa sufuria. Miguu ililegea kidogo, na tumbo lilichafuka. Nikirudi chumbani kwangu nililala nayo, na alfajiri yalikuwa yamekwisha au yamebaki kivuli. Mvua ilikuwa imemfanya Bibi aongeze vitambaa mlangoni, maana maji yaliingia kwa chini. Hilo tuliliona kama jambo la maji tu.

Kwake yeye mambo yalikuwa kinyume. Jioni alikuwa mzima, akinitania; asubuhi ndipo nilipomkuta amekaa kizingitini, kichwa amekishika kwa mikono miwili, uso umemvimba usingizi. Alikuwa akitapika kabla ya chai. Mchana, jua likishapanda, alisimama akafagia ua kana kwamba hakuna lililotokea.

"Ni malaria," alisema.

"Huna homa, Bibi. Nimekugusa."

"Mu Bujumbura hii, mwanangu, kichwa ikiuma ni malaria. Kama haiumi, ni malaria iko njiani."

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mvua, mbu, na mji uliojaa watu waliokimbia kutoka vilimani wakilala popote. Malaria ilikuwa kweli imejaa. Lakini malaria ina adabu zake: inakuja na baridi inayogonganisha meno, viungo vinauma, mdomo unakuwa mchungu, homa inapanda na kushuka. Haikuagi kila siku mchana ikarudi asubuhi. Niliyasema hayo, naye akaniuliza kama shahada yangu ilikuwa ya udaktari au ya wafalme waliokufa. Akanunua kwinini, dukani, kwa vidonge, bila kupimwa damu, kama wote tulivyofanya, kwa sababu maabara ilikuwa mbali na vizuizi vilikuwa karibu. Kwinini ikamletea mlio masikioni, mikono ikatetemeka, na kichwa hakikupona. Alipomaliza dozi akaanza nyingine. Alikonda. Kitambaa cha kichwani, alichokuwa akikifunga kunitibu mimi, sasa alishinda nacho yeye.

Nilianza kuhofu kwamba atakufa. Sikuwa na mtu mwingine wa kumhofia aliye karibu kiasi cha kufikiwa, na labda kwa sababu hiyo hofu yote iliyokuwa imetawanyika kando ya ziwa ilikusanyika kwake.

Siku moja risasi zilianza mapema, mchana, upande wa barabara niliyoizoea. Mwalimu mwenzangu mmoja, mwanamke mwenye watoto wengi, alinishika mkono akaniambia nisiwe mjinga, akanipeleka kwake Nyakabiga, mtaa wa jirani. Huko walikuwa wamepika mchana uani, wakala chakula kimepoa, na usiku walilala watu wengi katika chumba kimoja, miguu ya watoto tumboni mwangu. Niliamka na kichwa chepesi. Lilikuwa jambo dogo, na sikulitilia maanani zaidi ya kufikiri kwamba labda ni kwa sababu nililala na watu.

Barabara ilipofunguliwa nilirudi. Lango lilikuwa bado limefungwa kwa ndani, jambo ambalo Bibi hakuliruhusu baada ya jua kutoka. Nikaruka ukuta. Mlango wake ulikuwa umefunguka upana wa kiganja, na katika ule upana kulikuwa na mkono.

Alikuwa ameanguka akijaribu kutoka. Alipumua, lakini nilipomwita alinitazama kana kwamba mimi ni mtu wa mbali anayempigia kelele. Nilimvuta nje kwa mikono chini ya makwapa, nikamlaza kwa ubavu uani, kwa kuwa alikuwa akitapika, nikamwita jirani wa ng'ambo ya barabara. Tulizungumza namna ya kumfikisha hospitali. Jirani alikwenda kutafuta gari, akarudi bila gari. Wakati huo huo, hewa ya asubuhi ikimpitia, Bibi alirudi kidogo kidogo. Aliomba maji. Kabla ya adhuhuri alimtambua jirani na kumwuliza kwa nini amesimama kwenye mchicha wake.

"Bibi, nini kilitokea?"

"Kichwa. Nikaamka, kichwa kama watu wanatwanga ndani. Nikasema nitafute mulango. Miguu ikakataa." Akafunga macho. "Kinini yangu iko wapi?"

Siku ile hakuwa na nguvu za kuwasha moto, na mimi sikuwa na moyo. Tulikula mkate na chai ya kununua. Nilimlaza, nikakaa naye mpaka akasinzia, nikarudi kwangu. Asubuhi nilimkuta anafagia.

"Unaona?" alisema, akinyoosha ufagio kama kidole. "Hakuna kichwa. Kinini imefanya kazi. Ninyi wasomi hamuna subira."

Baada ya masomo nilikwenda kwa daktari mmoja aliyekuwa akipokea wagonjwa Nyakabiga, katika nyumba ndogo iliyofanywa zahanati. Bibi alikataa katakata kufuatana nami, akidai kwamba mzima haendi kwa daktari asije akamkumbusha ugonjwa. Daktari alikuwa amechoka. Alinisikiliza akiwa amefumba macho, na mwanzoni nilidhani amelala. Kisha akaanza kuuliza. Je, kichwa kilimpasuka ghafla, mara moja, kama radi? Hapana. Shingo ilikaza? Hapana. Mkono au mguu wa upande mmoja ulilegea, mdomo ulipinda? Hapana. Homa? Hapana, niligusa mwenyewe.

"Na ninyi wengine mu nyumba? Nani mwingine anaumwa kichwa?"

"Mimi. Lakini yangu ni ya jioni, na inaisha usiku."

Akafumbua macho. "Unalala pale?"

"Apana. Nakula pale, kisha naenda kwangu."

"Bon. Munapikia wapi?"

Nikamweleza. Magodoro, vitambaa vya maji, jiko kati ya viti viwili. Nikaongeza, kwa fahari kidogo, kwamba tunangoja moshi uishe.

"Moshi ungewasaidia," alisema. "Moshi ungewakohoza, mungekimbia. Ile hewa ya makala mekundu haina harufu, haina rangi. Inaingia mu damu, inakaa pale pumzi ingekaa. Nyumba nzima inaumwa kichwa, na mukitoka nje munapona. Mu mvua hii nimeona wengi. Wengine nimewaona wamechelewa." Akaniuliza: "Siku ulilala kwa mwenzako, nani alifungua mlango wa bibi yako usiku?"

"Hakuna."

"Siku zingine?"

"Mimi. Nikitoka kwenda kulala."

Alinyoosha mkono kwa mgonjwa aliyefuata, nami nikatoka nikasimama barabarani. Kumbe kwa majuma yote yale, kilichomweka hai Bibi kilikuwa dakika moja ya mlango wazi, wakati nilipokuwa nikikataa kitanda chake. Kama ningekubali, tungekuwa wawili ndani na mlango usiofunguliwa mpaka asubuhi. Sikujua nishukuru nini. Mtu akijua kwamba kuondoka kwake ndiko kulikokuwa dawa, hajui aende wapi.

Nilimkuta Bibi uani, anapepea makaa. Alikuwa amerudi katika desturi yake kwa furaha ya aliyepona. Nilimweleza yote, nikijaribu kutumia maneno ya daktari. Alisikiliza hadi mwisho, kisha akacheka.

"Moto haina moshi! Majini ndiyo Mungu ameumba na moto haina moshi. Hiyo nilifunzwa madarasa, niko mudogo hivi. Leo dokta yako ndiyo anakuja kunifunza?"

"Basi liite jini, Bibi. Lakini jini hilo lisiingie ndani."

"Na nitakula nini? Mate?"

"Tutapika mchana. Au tupike ndani, tutoe godoro moja dirishani."

Nilijuta kabla sijamaliza. Aliacha kupepea. Hakunitazama, alitazama dirisha la sebule, ambalo kutoka nje lilionyesha tu mgongo wa godoro lenye mistari, umeloa mvua. Mahali fulani kuelekea Kajaga mlio mmoja ulisikika, mzito, kisha hakuna.

"Mulango basi," nilisema. "Tuuache wazi kidogo."

"Mulango wazi, mu vita. We ulienda shule kweli, ama ulikuwa unapita tu?"

"Bibi, jana ulikuwa karibu kufa."

"Najua." Sauti ilikuwa imebadilika. "Mi si mujinga. Sikiliza. Chakula mi naweza kula baridi. Naweza kula mara moja. Si chakula." Akachochea kaa moja kwa kijiti. "We ukishaenda, inabaki hii. Kaa inapasuka, inasema tii, nasikia kama kuko mutu anageuka. Nikiamuka naona wekundu. Ukiitoa hii, mu nyumba ile nabaki na nani?"

Nilimwomba usiku ule tu aliache jiko nje, na akaliacha, kwa hasira, bila kuniaga. Tulikula uani haraka haraka kabla ya giza. Aliingia ndani akafunga, nikasikia vitambaa vikisukumwa chini ya mlango, ingawa hapakuwa na mwanga wowote wa kuficha.

Chumbani kwangu nililala macho. Kichwa kilikuwa kinauma. Hakukuwa na makaa, hakukuwa na vimulimuli, nilikuwa nimekula na kunywa maji. Nilikipima kwa kila kipimo nilichokijua, sikukipatia jina. Ukuta wa nyumba ya mbele ulikuwa karibu, nikamsikia Bibi akisoma nyiradi zake, akinyamaza, akianza tena, kama mtu anayejihakikishia kwamba sauti bado ipo. Nilifikiri juu ya mama. Nilijiambia kwa mara ya kwanza kwamba mama, kama anakuja, atasimama langoni aniite kwa sauti ile yake inayovuka barabara mbili, na kwamba nitaisikia nikiwa chumba chochote cha ua ule. Ilikuwa hoja rahisi, na ilinichukua miaka kuifikia. Kabla ya usingizi kunichukua nilikuwa nimekata shauri.

Asubuhi, mara tu saa ya kutoka ilipofika, niliwasha jiko katikati ya ua, chini ya anga, nikabandika maharage niliyoyaloweka jioni. Nilikusudia yachemke mpaka karibu na saa ya shule, kisha niifunge sufuria ndani ya blanketi mbili, kama mama alivyokuwa akifanya siku za safari, yaendelee kuiva yenyewe na jioni tuyakute na uvuguvugu. Bibi alitoka akasimama kizingitini, kitambaa hana kichwani.

"Nani anapika maharage asubuhi? Kuko arusi?"

Niliingia chumbani kwangu, nikakunja godoro langu, nikalifunga kwa kamba, nikalibeba kichwani kuvuka ua. Alinipisha mlangoni. Niliweka godoro juu ya kitanda cha mwanawe, nikakisukuma kitanda hadi ukuta wa ndani, mbali na dirisha, mkabala na chake. Nikarudi kuchukua nguo, vitabu, na taulo. Safari ya tatu nilipoingia nikamkuta amekaa ukingoni mwa kitanda chake, ananitazama nikitandika.

"Unakoroma?"

"Sijui, Bibi. Hakuna aliyewahi kuniambia."

"Mi nakoroma," alisema. "Nakwambia mapema. Na alfajiri naamuka kusali, usiseme sikukwambia."

"Sawa, Bibi."

Akasimama, akapita kando yangu, akaenda uani kuonja maharage. Nilimsikia analalamika kwamba sikutia chumvi. Nilimaliza kutandika, nikarudi mara ya mwisho chumba cha nyuma, nikakifagia, nikaufunga mlango, nikampelekea ufunguo.